Aliyepotea na baiskeli njia ya Erzurum

Leo tuongee baiskeli. Siyo ile ya kubebea mkaa, wala zile za mashindano ya Ufaransa. Nawazungumzia watu waliozunguka dunia kwa kukanyaga pedali zaidi ya miaka 120 iliyopita, na mtu mmoja ambaye wanaowasifu hawa jamaa humpita haraka haraka: mhariri aliyekuwa akiwasubiri mezani kwake.

Wa kwanza kabisa ni Thomas Stevens, Mwingereza aliyehamia Marekani. Aprili 22, 1884 aliondoka San Francisco juu ya lile dude la kizamani lenye gurudumu kubwa mbele na kadogo nyuma, ambalo ukianguka unatangulia kichwa. Mzigo wake: soksi, shati la akiba, koti la mvua ambalo usiku liligeuka hema, na bastola. Agosti akafika Boston, sehemu kubwa ya njia akiwa ameisukuma badala ya kuipanda. Hapo ndipo jarida la michezo liitwalo Outing lilipomdaka na kumfanya mwandishi wake. Akapita Ulaya, Uturuki na Uajemi, Afghanistan wakamkamata na kumrudisha, akazunguka kwa meli hadi India, akanusurika kwenye ghasia China, akamalizia Yokohama Desemba 17, 1886. Kwa baiskeli peke yake ni kama maili 13,500. (Ni huyu huyu Stevens ambaye mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma huku kwetu Afrika Mashariki kumtafuta Stanley. Yaani Stanley naye, aliyejipatia jina kwa kutumwa na gazeti kumtafuta Livingstone, sasa akawa yeye anayetafutwa!)

Makala za Stevens zilisomwa sana, na jarida likataka nyingine. Kwa hiyo Mei 1892 akatoka Frank Lenz, kijana wa Pittsburgh aliyekuwa karani wa hesabu na mpenzi mkubwa wa kupiga picha. Yeye alikuwa na baiskeli ya kisasa: magurudumu sawa, mnyororo, matairi ya kujazwa upepo. Ukitaka kuijua, angalia Phoenix ya babu yako, umbo ni lile lile. Alikwenda peke yake na kamera yake, akivuka Marekani, Japani, China (ambako zaidi ya mara moja watu walimvamia), Burma, India, Uajemi. Alikuwa akituma picha na maelezo, na Outing wakichapa kila mwezi.

Mei 1894 aliondoka Tabriz, Uajemi, akielekea Erzurum katika dola ya Uthmaniya. Hakufika.

Sasa kuna kitu kinachonikera. Barua zilikwenda polepole na uchapaji ulikuwa nyuma zaidi, hivyo makala za Lenz ziliendelea kutoka hata baada ya yeye kupotea. Msomaji aliyekaa kwenye kiti chake New York alikuwa akimfuata kijana akikatiza Asia, mwezi baada ya mwezi, na mwenyewe alikuwa ameshakufa. Nyumbani mama yake alikuwa akisubiri barua. Mimi ni mtu wa habari na najua nafasi za kurasa lazima zijazwe, lakini hii ni ngumu kuimeza.

Ilikuwa mpaka 1895 ndipo jarida lilipomtuma mtu kwenda kumtafuta. Walimchagua William Sachtleben wa Alton, Illinois, na walichagua vizuri. Yeye na mwenzake wa chuo, Thomas Allen, walikuwa wameshavuka Asia kwa baiskeli kutoka Constantinople hadi Peking, na mwaka 1891 walipita mkoa ule ule na hata kupanda mlima Ararat. Wao walitoka salama. Lakini miaka mitatu baadaye hali ilikuwa nyingine. Waarmenia na serikali ya Sultani Abdul Hamid walikuwa wamefika pabaya, na miezi michache tu baada ya Lenz kupotea yakatokea mauaji ya Sasun.

Sachtleben alipiga kambi Erzurum. Kidogo kidogo akapata habari kwamba Lenz aliuawa na Wakurdi karibu na kijiji kinachoitwa Chilkani. Waliojua habari hizo vizuri walikuwa wanakijiji Waarmenia, na kusema kulikuwa hatari kwao. Serikali ilipoamua hatimaye kuchukua hatua, baadhi ya waliotiwa ndani walikuwa Waarmenia hao hao.

Kabla kesi haijaenda popote, Oktoba 30, 1895, Waarmenia wa mji wa Erzurum wakaanza kuchinjwa. Sachtleben, aliyekuja kwa ajili ya marehemu mmoja, akaenda kwenye makaburi ya Waarmenia pamoja na mkalimani na mpiga picha. Aliandika kwamba kando ya ukuta wa kaskazini ilikuwa imelazwa miili 321. Barua yake ikatoka katika The Times la London.

Ukiniuliza mimi, hiyo barua ndiyo habari kubwa kuliko zote zilizowahi kuletwa na hawa watu wa baiskeli, na haina baiskeli ndani yake. Hakuna mhariri aliyemtuma akaiandike. Kijana mmoja wa Pittsburgh alitafutwa na jarida pamoja na ubalozi; wale 321 wakazikwa kwenye shimo la pamoja.

Sachtleben akarudi Marekani bila mwili wa Lenz. Baada ya miaka ya kuvutana kati ya serikali mbili, Uthmaniya ilimlipa fidia mama yake.