Watani Msibani Wembley

Kwa wanaoujua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, mtani haendi msibani kulia tu. Huigiza mwendo wa marehemu, huzuia jeneza mpaka apewe chochote, huwachekesha wafiwa ambao tangu alfajiri hawajafumbua mdomo. Kila ninapoitazama upya fainali ya Kombe la FA ya Mei 20, 1989, Liverpool na Everton katika Uwanja wa Wembley jijini London, namwona mtani huyo akiingia uani.

Udugu wa klabu hizi ulianza kwa ugomvi wa kodi. Anfield, ambao leo dunia nzima inaujua kuwa wa Liverpool, ulikuwa kwanza uwanja wa Everton. Mwaka 1892 Everton walikosana na John Houlding kuhusu kodi ya uwanja, wakafungasha virago na kuhamia Goodison Park, ng'ambo ya bustani ya Stanley Park. Houlding akabaki na uwanja usio na timu, ndipo akaanzisha Liverpool. Msomaji wa Dar es Salaam hatashangaa: Simba nayo ilimeguka kutoka Yanga mwaka 1936. Mjini Liverpool nyumba moja huwa na baba mwekundu wa Liverpool na mtoto wa bluu wa Everton. Hata Ian Rush, mfungaji aliyewaliza Everton kuliko wote, utotoni alikuwa shabiki wa Everton.

Mara ya kwanza kukutana katika fainali ya Kombe la FA ilikuwa Mei 10, 1986. Liverpool, chini ya Kenny Dalglish aliyekuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja, walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa ligi, Everton wakiwa wa pili. Gary Lineker akaitanguliza Everton dakika ya 27. Kipindi cha pili mambo yaliwaendea kombo Liverpool kiasi kwamba kipa wao, Mzimbabwe Bruce Grobbelaar, alimsukuma beki wake mwenyewe, Jim Beglin, kwa hasira. Kisha Rush akasawazisha dakika ya 57, Craig Johnston akaongeza la pili, Rush akamaliza kazi dakika ya 84. Liverpool 3, Everton 1. Majukwaani mashabiki walichanganyika, skafu nyekundu kando ya skafu ya bluu.

Miaka mitatu baadaye, Jumamosi ya Aprili 15, 1989, nusu fainali mbili za Kombe la FA zilianza saa tisa alasiri. Villa Park, Everton waliwafunga Norwich 1-0. Hillsborough, mjini Sheffield, mechi ya Liverpool na Nottingham Forest ilisimamishwa baada ya dakika sita. Polisi walikuwa wameamuru lango la kutokea lifunguliwe ili kupunguza msongamano wa nje, umati ukaelekea moja kwa moja kwenye vizimba vya kati vilivyokwisha jaa. Mbele kulikuwa na uzio wa chuma. Watu walibanwa wakiwa wamesimama, wakakosa pumzi. Hesabu ya waliokufa kutokana na siku ile ni watu 97, wa mwisho akifariki mwaka 2021.

Siku nne baada ya maafa, gazeti la The Sun liliandika kwamba mashabiki wa Liverpool waliwaibia maiti. Ulikuwa uongo. Naandika neno hilo bila kulipunguza makali, kwa sababu wafiwa walilazimika kuishi na uongo huo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wiki moja baada ya msiba, skafu za timu zote mbili zilifungwa moja kwa nyingine, zikavutwa kupitia Stanley Park, kutoka Goodison mpaka Anfield. Liverpool waliporudi kwenye ligi, Mei 3, mechi yao ya kwanza ilikuwa Goodison, nayo ikaisha 0-0. Kisha wakairudia nusu fainali Old Trafford na kushinda 3-1. Wapo waliosema kombe lifutwe mwaka ule. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao.

Wembley uzio uling'olewa. Dakika ya nne, John Aldridge, aliyekosa penalti katika fainali ya mwaka uliotangulia, aliugusa mpira kwa mara ya kwanza na kuutia wavuni. Ikabaki hivyo mpaka dakika zilipokaribia kuyeyuka. Kama kuna siku ambayo Everton wangeweza kusamehewa kwa kulegeza miguu, ni ile. Hawakulegeza. Stuart McCall, aliyetoka benchi, akasawazisha katika dakika ya mwisho, na mashabiki wakamiminika uwanjani.

Hapo ndipo ninapomwona mtani. Heshima kubwa ambayo Everton waliwapa wafiwa ilikuwa kutowaonea huruma. Laiti wangewaachia, kombe lile lingekuwa rambirambi, si ushindi.

Muda wa nyongeza ulikuwa wa wachezaji wa akiba. Rush, naye ametoka benchi, akafunga dakika ya 95. McCall akautuliza mpira kifuani nje ya eneo la hatari na kuupiga kabla haujatua, 2-2 dakika ya 102. Dakika mbili tu zikapita, John Barnes akamimina krosi, Rush akaimalizia kwa kichwa. Liverpool 3, Everton 2. Nahodha Ronnie Whelan alipanda ngazi kupokea kombe.

Haki ya waliokufa Hillsborough ilichelewa. Septemba 12, 2012, ripoti ya jopo huru iliweka wazi jinsi taarifa za polisi zilivyobadilishwa ili lawama ziwaangukie mashabiki, na Aprili 2016 baraza la wazee wa mahakama lilitamka kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria, mashabiki hawakuwa na kosa. Lakini jioni ninayoikumbuka zaidi ni ya Septemba 17, 2012, siku tano baada ya ripoti. Goodison Park, kabla ya mechi ya Everton na Newcastle, watoto wawili waliingia uwanjani wameshikana mikono, mmoja kavaa jezi ya bluu namba 9, mwenzake jezi nyekundu namba 6. Marehemu wakati ule walihesabiwa 96. Uwanja mzima wa Everton ulisimama ukawapigia makofi.