Ugonjwa wa moyo wa iskemia nchini Tanzania

Ugonjwa wa moyo wa iskemia ni hali ambapo msuli wa moyo haupati damu ya kutosha kwa sababu mishipa inayoulisha imekuwa myembamba au imeziba. Lehemu hujikusanya polepole katika kuta za mishipa hiyo kwa miaka mingi. Utando wake ukipasuka, damu huganda juu yake, njia huziba na sehemu ya msuli hufa: huo ndio mshtuko wa moyo. Hakuna ugonjwa unaoua watu wengi zaidi duniani.

Hatari huongezeka kwa shinikizo la juu la damu, kisukari, sigara, lehemu nyingi, unene, kukaa bila kazi ya mwili, umri na urithi.

Hali ya Dar es Salaam

Ugonjwa huu mara nyingi hudhaniwa kuwa wa watu wenye uwezo, wa maeneo kama Mikocheni katika wilaya ya Kinondoni. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu. Uchunguzi uliofanyika jijini mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba unene uliongezeka kadiri hali ya maisha ilivyokuwa bora, lakini sigara ilivutwa zaidi na wenye kipato kidogo.

Utafiti mwingine uliwafuatilia watu waliohama Morogoro Vijijini kwenda Dar es Salaam. Baada ya miezi 12, wanaume waliofanya kazi nzito za mwili walipungua kutoka takriban 79% hadi 27%, na wahamiaji wa jinsia zote mbili waliongezeka uzito wa zaidi ya kilo 2. Hata hivyo walikula pia matunda na mboga zaidi, na shinikizo la damu halikupanda katika muda huo. Mji, basi, haudhuru kwa njia moja tu.

Wala kijiji si kinga. Katika miaka ya 1990 watafiti walipima watu wazima wa Ilala na wa Shari, wilayani Hai, wakakuta shinikizo la juu kwa karibu 30% kote kuwili. Kati ya wenye tatizo hilo, chini ya 20% walijua kwamba wanalo, takriban 10% walikuwa wakitibiwa, na hata 1% hawakufikia kiwango salama. Shinikizo la juu kwa kawaida haliumi, hivyo asiyepimwa hana cha kumshtua.

Dalili na tiba

Dalili kuu ni kifua kubana, maumivu yanayoenea hadi mkono au taya, jasho jingi na kukosa pumzi. Wanawake na wagonjwa wa kisukari huweza kuhisi uchovu au kichefuchefu tu, na ni rahisi kudhani ni vidonda vya tumbo.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, huzibua mishipa kwa mpira mwembamba unaopitishwa mkononi au kwenye paja bila kupasua kifua. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India. Lakini msuli wa moyo huanza kufa ndani ya saa moja tangu mshipa kuziba.