Je, Ni Lenyewe? Habari za Maleba ya Uhura

Katika soko la Kabuta, wilayani Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia, marobota ya mitumba hufunguliwa asubuhi na wanunuzi huinama kuchagua. Huku kwetu nguo hizo huitwa salaula, neno la Kibemba litokanalo na kitendo hicho hicho cha kuchambua lundo. Zamani nyingi zilivushwa kutoka Zaire, na pamoja nazo kikavuka Kiswahili cha Katanga, ambacho hata leo husikika ufukoni zinapotia nanga mashua za kutoka Kilwa na Pweto. (Kilwa hii ni ya Kongo, wala si ile ya kusini mwa Tanzania; wanafunzi wetu hukosea daima.)

Siku moja mwanafunzi wetu alitujia na shati jekundu alilolichagua humo, lenye nembo ya rangi ya dhahabu kifuani mithili ya ncha ya mshale. Wenzake walikuwa wamemwambia kwamba ni shati la wasafiri wa nyotani wa televisheni, naye alitaka kujua jambo moja tu: je, ni lenyewe? Tulimwonyesha ukosini kitambulisho cha kiwanda chenye maagizo ya kufulia kwa mashine, tukamwambia kuwa silo. Yeye aliridhika akaenda zake. Sisi swali lake lilitukaa rohoni, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Shabaha yetu ni kueleza habari za maleba na vifaa vya mchezo mmoja wa Marekani, ambavyo watu wameviwinda, wamevihifadhi na kuvinunua kwa fedha nyingi kwa zaidi ya nusu karne. Huenda msomaji akauliza mwalimu wa Kiswahili ana haja gani na mambo hayo. Anayo, maadamu vazi mojawapo lililo mashuhuri katika mchezo huo hujulikana kwa jina litokalo katika lugha yetu.

Mchezo wenyewe ni Star Trek, yaani safari ya nyotani. Ulibuniwa na Gene Roddenberry, ukaanza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, ukakomeshwa mwaka 1969 baada ya sehemu 79. Mabaharia wa karne zijazo wanasafiri katika merikebu ya angani iitwayo Enterprise, na afisa wao wa mawasiliano ni mwanamke Mwafrika. Mwigizaji wake alikuwa Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi. Kama alivyosimulia mwenyewe, siku ya usaili alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962, iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Roddenberry alilipenda neno hilo, lakini likaonekana kuwa gumu kidogo kwa jina la mwanamke, likalainishwa. Uhuru likawa Uhura.

Hapa mwalimu aliye ndani yetu anakunja uso. Kiswahili hakimtenganishi mwanamke na mwanamume kwa irabu ya mwisho. Desturi hiyo ni ya Kihispania na Kiitalia. Neno huru tulilipata kwa Kiarabu, tukalitia kiambishi u- kama katika utu na uzuri, na mwisho wake hauna jinsia. Hata hivyo tusilaumu mno. Mnamo Septemba 1966 Zambia ilikuwa haijatimiza miaka miwili ya uhuru, au ubuntungwa kama wasemavyo Wabemba, na tayari neno hilo la Kiswahili, ingawa limepindwa mkia, lilikuwa linaingia sebuleni kwa watu wa Chicago na Los Angeles wasiojua sentensi moja ya lugha yetu. Baadaye aliongezewa jina la kwanza, Nyota, lililotolewa katika kitabu cha William Rotsler cha mwaka 1982 na kuthibitishwa katika filamu ya mwaka 2009. Hilo halina kasoro yoyote.

Kiswahili chenyewe nacho kilisikika. Katika sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa, dubwana linaloishi kwa kunyonya chumvi ya miili ya watu linajigeuza mwanamume mweusi na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili ili kumtega. Matamshi yake yangepata alama ndogo katika mtihani wa mazungumzo. Katika sehemu nyingine, ya Septemba 1967, Uhura anafutwa kumbukumbu yote na inabidi afundishwe kusoma upya. Kiingereza kinapomshinda, Kiswahili kinamtoka kinywani. Kisa hicho tumekisimulia darasani mara nyingi kuliko kinavyostahili.

Ile sehemu ya chumvi ina habari nyingine ifaayo kwa shabaha yetu. Vilinunuliwa vichupa vya kunyunyizia chumvi mezani, vya mitindo ya kigeni, ili vionekane kuwa vya wakati ujao. Ikahofiwa kwamba mtazamaji hatatambua kuwa ni vichupa vya chumvi. Basi mezani vikawekwa vya kawaida, na vile vya kigeni akapewa daktari wa merikebu kuwa zana zake za tiba. Kwa hiyo mkusanyaji anayetafuta kifaa halisi cha daktari huyo kwa kweli anatafuta kichupa cha chumvi! Sisi wa pande za Mweru, ambao wazee wetu walifuata chumvi hadi Kaputa, hatushangai sana chumvi ikigombaniwa.

Maleba yalisanifiwa na William Ware Theiss. Kitambaa cha miaka miwili ya kwanza kilikuwa jamii ya mahameli, nacho kila kilipofuliwa kilinywea. Mwaka wa tatu kikabadilishwa kwa nailoni ya kufumwa. Jambo hilo dogo la dobi limekuwa ushahidi mkubwa, kwani anayeuziwa sare ya nailoni na kuambiwa ni ya mwaka 1966 ajue anapunjwa. Vilevile Uhura hakuanza na gauni jekundu: katika sehemu za mwanzo kurekodiwa alivaa rangi ya dhahabu. Wajuzi hulinganisha mishono, mapindo na hata madoa ya vazi na picha za filamu moja baada ya moja, kama vile mhakiki wa tenzi anavyolinganisha miswada ya hati za Kiarabu ili ajue upi ni wa kale na upi umenakiliwa baadaye. Kazi ni ile ile.

Ulipokoma mchezo mwaka 1969, vitu vyake vilikuwa vikorokoro tu vya studio. Vingine vilitupwa, vingine vilichukuliwa na wafanyakazi. Mfano mkubwa wa merikebu Enterprise, wenye urefu wa zaidi ya mita 3, ulipelekwa mwaka 1974 kwenye taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Aliyeuona kwa karibu aligundua siri: upande wake wa kushoto haukumalizwa, kwa sababu nyaya za taa zilitokea huko, na ndiyo maana ulipigwa picha kwa upande wa kulia. Kwa miaka kadhaa kitu hicho kilikaa katika duka la jumba la makumbusho, kati ya bidhaa za watalii. Mwaka 2016, baada ya kukarabatiwa, kikawekwa mahali pa heshima. Mwaka huo huo lilifunguliwa mjini humo jumba la taifa la historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, na miongoni mwa vitu vyake limo gauni jekundu la Uhura.

Wapo watakaosema gauni la mchezo wa kuigiza halistahili kukaa nyumba moja na minyororo ya utumwa. Sisi hatukubaliani nao. Nichols alisimulia kwamba alipotaka kuacha kazi hiyo, Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Tena tangu mwaka 1977 aliajiriwa na shirika la anga la Marekani, NASA, kuwahimiza wanawake na watu weusi waombe kazi ya urubani wa anga. Kundi lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa na Guion Bluford, Ronald McNair na Sally Ride. Nichols alifariki mwaka 2022. Gauni limebaki kuwa shahidi wa mambo yaliyotokea kweli, ingawa karne aliyoiigiza bado haijafika.

Mfano mdogo wa Enterprise, usiofika mita moja, ulipotea mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2023 ulionekana ukiuzwa katika mnada wa mtandao, ukitoka kwenye ghala la kukodi, na mwaka 2024 ukarudishwa kwa mwana wa Roddenberry. Kuhusu bei, itoshe kutaja mnada wa Christie's mjini New York, Oktoba 2006: zaidi ya vitu 1,000 viliuzwa, jumla ikawa kiasi cha dola milioni 7, na mfano mmoja wa merikebu, wa mfululizo uliofuata, ulichukua dola 576,000. Lakini mmoja wa wanunuzi alipompelekea mwigizaji Brent Spiner kipande cha kofia cha wacheza karata ili akitie sahihi, mwigizaji alimwambia kwamba sicho chenyewe alichokivaa. Mnunuzi akaenda mahakamani. Swali la mwanafunzi wetu wa Kabuta, basi, limewahi kufikishwa mbele ya hakimu.

Sasa turudi nyumbani, kwani miaka miwili kabla ya Uhura kuonekana, Zambia ilikuwa na wasafiri wake wa anga. Edward Makuka Nkoloso alikuwa mwalimu mwenzetu, askari wa zamani wa Vita vya Pili vya Dunia na mpigania uhuru aliyeonja jela. Mwaka 1964 alitangaza kwamba Zambia itafika mwezini, akawafunza vijana wake nje ya Lusaka kwa kuwabingirisha ndani ya pipa la mafuta, akiwemo msichana Matha Mwamba. Waandishi wa kigeni walicheka. Namwali Serpell, katika makala yake ya mwaka 2017, ameonyesha kwamba huenda mzaha huo ulificha siasa nzito, nasi tunaelekea kumwamini. Nkoloso alijua nguvu ya maleba: katika filamu ya habari ya wakati huo anaonekana na sare ya kaki ya kijeshi, kofia ya chuma na joho la rangi nyingi lenye ukosi uliotariziwa.

Leo, anayetafuta picha za wasafiri hao aghalabu hukutana kwanza na zile za Cristina de Middel, Mhispania, zilizotoka katika kitabu mwaka 2012. Ni picha nzuri. Mavazi yake ya vitenge yalishonwa na bibi yake, na mpigapicha mwenyewe hakuficha kwamba ni ya kubuni. Lakini si vigumu kumkuta mtu, hata Mzambia, anayeapa kwamba ndizo za mwaka 1964. Wajuzi wa gauni la Uhura hutambua nakala kwa mshono mmoja. Sisi twachanganya joho la Nkoloso na la bibi wa Kihispania.

Hatuna haki ya kuwanyoshea wengine kidole. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya ufukoni tulikofundisha, wanafunzi waliigiza habari za Nkoloso kwa Kiswahili. Joho lilishonwa kwa magunia ya unga na pindo za chitenge, kofia zilikuwa masufuria, na pipa tuliliazima kwa mwenye mashua. Watu walivuka kutoka upande wa pili wa ziwa kuja kutazama, wakacheka mahali tusipotarajia. Muhula ulipokwisha pipa lilirudi kwa mwenyewe, likatiwa dizeli. Joho lilikatwa vipande vya kupangusia sakafu, na sisi tulikuwapo, hatukusema neno. Uliobaki ni ukosi, ambao msichana aliyeutarizi aliutoa kabla ya mkasi kufika. Tulipomuuliza juzi kama bado anao, aliuleta umefungwa katika karatasi ya daftari, na juu yake ameandika kwa kalamu ya risasi jina la mchezo, tarehe, na neno moja: wenyewe.