En-ROADS: Programu ya kupimia mustakabali wa tabianchi

MIJADALA kuhusu mabadiliko ya tabianchi huzaa mapendekezo mengi: miti ipandwe, makaa ya mawe yaachwe, wanaochafua hewa watozwe kodi. Lililo gumu ni kutambua pendekezo lenye uzito na lile ambalo ni maneno matupu. Programu iitwayo En-ROADS iliundwa ili hata asiye mwanasayansi aweze kuyapima mapendekezo hayo mwenyewe.

Programu hiyo ilizinduliwa kwa umma Desemba 2019. Waliohusika ni shirika la Climate Interactive la Marekani, chuo cha MIT Sloan na kampuni ya Ventana Systems. Hutumika bila malipo, na hufunguliwa katika kivinjari cha intaneti.

Anayeifungua mara ya kwanza hukutana na grafu mbili. Chini yake kuna vidude vya kusogezwa kushoto au kulia, kila kimoja kikiwakilisha uamuzi fulani kuhusu nishati, uchukuzi, majengo, misitu au kilimo. Kando kuna tarakimu kubwa inayoonyesha joto la dunia litakuwa limepanda kwa kiasi gani kufikia mwaka 2100, likilinganishwa na enzi ya kabla ya viwanda.

Hatua ya kwanza ni kuisoma tarakimu hiyo kabla ya kusogeza chochote. Huwa imezidi nyuzi 3 za Selsiasi. Mkataba wa Paris wa 2015 ulikusudia ongezeko lisalie chini kabisa ya nyuzi 2, na juhudi zifanywe lisipite nyuzi 1.5. Pengo hilo ndilo swali ambalo mtumiaji anatakiwa kulijibu.

Hatua ya pili ni kusogeza kidude kimoja tu, kutazama matokeo, kisha kukirudisha mahali pake. Wengi huanza na upanzi wa miti. Mkenya ana sababu zaidi ya kufanya hivyo, kwa kuwa serikali ilitangaza mnamo 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Hata hivyo, tarakimu hushuka kidogo tu. Mti huchukua miaka mingi kukua na huhitaji ardhi, ilhali moshi wa viwanda na magari hutoka kila siku. Kodi kubwa kwa gesi ya kaboni huishusha zaidi, kwani hugusa makaa ya mawe, mafuta na gesi kwa pamoja.

Hatua ya tatu ni kuchanganya maamuzi. Hapa ndipo mtumiaji mpya hushangaa, kwani faida hazijumlishwi kama hesabu ya sokoni. Iwapo kodi ya kaboni tayari imeyaondoa makaa ya mawe, kuyatoza kodi nyingine hakuleti tofauti kubwa. Aidha, ruzuku kwa umeme wa jua na upepo inaweza kushusha bei ya nishati, na watu wakatumia nishati zaidi.

Ni muhimu kutofautisha taswira na utabiri. Programu haisemi yatakayotokea. Inasema yanayoweza kutokea iwapo dunia itafuata njia fulani. Chini ya kila taswira kuna makadirio kuhusu idadi ya watu, uchumi na bei, na mengi kati yake mtumiaji anaweza kuyabadilisha.

Isitoshe, En-ROADS huitazama dunia kama kitu kimoja. Haiwezi kumweleza mkulima wa Kitui apande lini. Hata programu kubwa za kisayansi hukwama katika ukanda huu: nyingi zilionyesha kwamba mvua ya Machi hadi Mei ingeongezeka Afrika Mashariki, ilhali vipimo vya miongo kadhaa vilionyesha ikipungua. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kutimia. Mwaka 2024, msimu huo wa Machi hadi Mei ukaleta mafuriko.

Kwa hivyo, anayetaka kujua hali ya msimu ujao atafute taarifa za Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. En-ROADS inamfaa mwalimu, diwani au kiongozi wa kikundi anayetaka kujua ahadi anayoisikia itapunguza joto kwa kiasi gani.