Mlembe: Ndege anayeujua wito wa warina asali wa kwao

Umewahi kusikia wazee wakisema kuna ndege anayempeleka mtu mpaka kwenye asali? Wanasema kweli. Wanasayansi wamemfuatilia kwa miaka mingi, na baadhi ya ushahidi mzito umetoka jirani kabisa na Lionja: ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwa Wayao wa Niassa, Msumbiji. Hao ni ndugu wa Wayao tunaoishi nao Nachingwea, Masasi na Tunduru.

Jipya ni hili. Utafiti uliochapishwa Desemba 2023 kwenye jarida la Science unaonyesha kuwa ndege huyu anautofautisha wito wa watu wa kwao na wito wa wageni. Wa kwao ndio anaowaitikia zaidi.

Mlembe ni ndege gani?

Wengine humwita kiongozi-asali. Jina lake la kisayansi ni Indicator indicator. Ni mdogo, ana rangi ya kahawia na kijivu, na dume ana koo jeusi. Anapatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara.

Chakula anachokipenda ni nta na majana ya nyuki. Shida yake ni moja: nyuki wanauma, na shina la mti hawezi kulipasua. Binadamu ana shoka na moshi, lakini hajui nyuki wako mti gani. Basi wawili hao wakapatana. Ndege anaonyesha, mtu anapasua, kila mmoja anakula chake.

Anaongozaje?

Anakuja karibu na mtu akipiga kelele za haraka haraka, anaruka mti hadi mti, anasubiri ufike, kisha anaendelea. Mkifika, anatulia karibu na mti wenye nyuki.

Mwaka 1989, Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti wao kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Bila ndege, warina asali walitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Wakiwa na ndege, saa 3.2 tu.

'Brrr-hm' ya Wayao

Warina asali wa Kiyao kule Niassa humwita mlembe kwa kutetemesha ulimi, 'brrr', kisha mguno mfupi, 'hm'. Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walitaka kujua: wito huu unafanya kazi kweli, au ni mazoea tu?

Walifanya matembezi 72 porini, kila moja la dakika 15, huku spika ikicheza sauti tofauti: wito wa Kiyao, sauti nyingine za binadamu, na sauti ya tetere. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kwa sauti nyingine, ndege aliwaongoza kwenye takriban asilimia 33 ya matembezi. Kwa 'brrr-hm', asilimia 66. Uwezekano wa kufikishwa mpaka kwenye nyuki wenyewe uliongezeka zaidi ya mara tatu.

Wahadzabe wao wanapiga mluzi

Sasa twende upande wa pili wa Tanzania, kwenye milima ya Kidero karibu na Ziwa Eyasi. Huko Wahadzabe humwita mlembe kwa mluzi. Spottiswoode na Brian Wood wakajaribu kubadilisha: mluzi wa Kihadzabe ukachezwa Niassa, na 'brrr-hm' ikachezwa Kidero.

Kumbe ndege wanajua! Wa Kidero walikuwa tayari zaidi ya mara tatu kushirikiana na anayepiga mluzi wa kwao kuliko anayetoa wito wa Kiyao. Wa Niassa nao waliuitikia wito wa Kiyao karibu mara mbili zaidi ya mluzi.

Wazazi wake hawawezi kuwa ndio waliomfundisha. Mlembe hutaga yai kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine na kuondoka, kinda analelewa na wasio wake. Maelezo ya watafiti ni kwamba ndege hujifunza wito kwa kuishi karibu na watu wanaoutumia.

Hata malipo yanatofautiana. Wayao humwachia nta kama shukrani. Wahadzabe mara nyingi huificha au kuichoma, ili abaki na njaa na aendelee kuongoza.

Kwa nini hili linatuhusu?

Kwa sababu makubaliano haya yanaweza kufa. Sehemu nyingi za Afrika watu wameacha kufuata ndege: sukari iko dukani, asali inatoka kwenye mizinga ya kufugia. Na kama ndege anajifunza kutoka kwa watu, basi watu wakinyamaza naye hana pa kujifunzia. Unaweza kulinda msitu wote wa miombo, mlembe akabaki, lakini ule wito ukawa umepotea kwa pande zote mbili.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu Lionja, Ruangwa au Nachingwea kuna mzee aliyewahi kurina asali porini, muulize alikuwa anamwitaje ndege. Simu unayosomea habari hii inarekodi sauti. Mwombe akutolee wito huo mara moja, uuhifadhi.

Na ukienda kurina, nenda na mzoefu, na uzime moto kabisa kabla ya kuondoka. Msitu ukiungua, nyuki na mlembe wote wanahama.