Funza Hakuzaliwa Kwetu, Alikuja na Meli

Wacha nianze na kitu ambacho sijawahi kusema mbele ya kamera.

Nikiwa darasa la nne, shule yetu huko Murang'a ilikuwa na desturi ya Ijumaa asubuhi. Tukishaimba wimbo wa taifa, mwalimu wa zamu anasema vueni viatu, yaani wale wenye viatu. Halafu anapita kwa laini akiangalia miguu. Akipata mtu ana funza, anamtoa mbele. Hakuna dawa alipewa. Alisimamishwa pale tumwone, kisha anarudishwa nyumbani "akaoshwe."

Kuna kijana tulikuwa tunaketi naye dawati moja. Jina lake naliacha. Huyo alitolewa mbele karibu kila Ijumaa. Tulimpa jina la kumcheka, na mwenye kucheka kwa sauti kubwa zaidi nilikuwa mimi. Unajua kwa nini? Kwa sababu kila Alhamisi usiku shosho alinikalisha karibu na koroboi, akanishika mguu, akanitoa funza mmoja mmoja kwa pini, kisha akapaka mafuta taa. Ijumaa nikifika shule niko safi. Yule mwenzangu hakuwa na shosho. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu, mwanamke mzee mwenye pini na macho mazuri.

Nimekumbuka haya yote juu ya klipu moja niliyoona majuzi. Watoto wameketi chini, miguu imeoza kwa funza, na anayewachukua video anasema huo ni uvivu, ati watu wa huko hawapendi maji. Watu wakacheka. Mimi nikashindwa kulala, nikaanza kusoma. Mimi si daktari. Hata digrii sina, niliacha chuo mwaka wa pili, na wengine wenu hunikumbusha kila nikiandika kitu. Lakini kuacha chuo si kuacha kusoma. Na nilichopata kimenibadilisha, kwa hivyo kaeni hapo niwaeleze.

Kwanza, funza si wetu. Nilikuwa nadhani mdudu huyu amekuwa hapa tangu enzi za mababu, kama mbu na kupe. Wapi! Kwao ni Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi. Mabaharia wa Kihispania waliofika huko baada ya Columbus waliumia sana miguu, na katika karne ya 16 mwandishi wao, Gonzalo Fernández de Oviedo, akaandika juu yake. Linnaeus, yule Mswidi aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, alimwandika kitabuni 1758. Leo wanasayansi wanamwita Tunga penetrans. Wakati huo wote, Mkikuyu, Mluhya, Mgiriama, hakuna aliyekuwa anamjua.

Mwaka 1872 meli ya Kiingereza iliyoitwa Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikaenda Ambriz, bandari ya Angola. Sasa, meli isipokuwa na shehena ya kutosha inayumba, kwa hivyo hujazwa kitu kizito tumboni ili itulie majini. Mabaharia wa Pwani wanakiita farumi. Farumi ya meli hiyo ilikuwa mchanga wa Brazil, na ndani ya mchanga kulikuwa na funza. Hivyo ndivyo historia inavyosimulia alivyoingia barani na kukaa. Hakualikwa na mtu mchafu. Alishukia kazini, kwa biashara ya watu wengine.

Funza haruki kama mbu, hana mabawa. Ni kiroboto cha milimita moja tu, kidogo kuliko viroboto vyote vinavyojulikana. Kuruka kwake ni kwa karibu na chini, ndiyo maana hupenda miguu. Peke yake hawezi kutembea kutoka Angola mpaka hapa. Alihitaji miguu ya watu, na miaka hiyo Afrika ilikuwa imejaa miguu ya kutumwa. Wapagazi walibeba pembe za ndovu, nguo, bunduki na masanduku ya wazungu, siku nyingi pekupeku, wakilala kambi zile zile ambazo msafara mwingine ulilala jana. Kila kambi ni vumbi, na kila vumbi lilikuwa na mayai.

Msafara unaotajwa sana ni ule wa Stanley wa kumwokoa Emin Pasha. Uliingia kwa mdomo wa Mto Congo 1887 ukiwa na mamia ya wapagazi kutoka Zanzibar, ukavuka bara zima, ukatokea Bagamoyo Desemba 1889. Haikuwa njia pekee, lakini hesabu mwenyewe. Kutoka Ambriz mpaka Bahari ya Hindi hata miaka 20 haikuisha.

Na alifika wakati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe Afrika Mashariki yote. Mwaka 1892 msafiri Mwaustria, Oscar Baumann, alipita Uzinza, kusini mwa Ziwa Victoria, akaeleza watu ambao viungo vyao vilikuwa vinaoza kwa funza, mashamba yasiyovunwa kwa kuwa watu hawawezi kusimama, na vijiji vilivyokwisha. Soma hiyo tena polepole. Mdudu wa milimita moja alimaliza vijiji, kwa sababu mkulima asiyeweza kukanyaga chini halimi, na asiyelima hali.

Kwetu huku miaka ya 1890 iliisha na njaa na ndui, ile njaa ambayo Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Rũraya. Kisha kuna reli. Ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, na waliojenga walikuwa zaidi ya 30,000 kutoka India. Malaria, vidonda na funza viliwaangusha wengi kambini. Kufikia 1899 funza ameshaonekana Bombay na Karachi, amebebwa na vibarua waliokuwa wanarudi kwao. Miaka 27 kutoka Ambriz mpaka India, na nauli hakulipa!

Nikifika hapo nilijiuliza, watu wa kwanza kuumwa walifikiria nini? Unaamka, kidole kinawasha, baada ya wiki kuna kitu cheupe chenye nukta nyeusi katikati. Hakuna mzee amewahi kuona kitu kama hicho, hakuna dawa, hakuna hata jina. Ukisikia leo mtu anasema funza ni laana au ni kurogwa, usiharakishe kucheka. Kilianza kama kitu kisichoelezeka. Baadaye watu walijifunza kukitoa kwa mwiba au pini, kifuko kizima bila kupasuka, na ujuzi huo ukapita mkono kwa mkono mpaka kwa shosho yangu. Hata jina la Kiswahili la tekenya, ukilisikiliza, lina ule mwasho wa kutekenywa ndani yake.

Sasa wacha nieleze anavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo hadithi ya uvivu inakufa kabisa.

Dume na jike wote hunyonya damu, lakini anayeingia mwilini akakaa ni jike. Anatoboa ngozi, anaingiza kichwa, anaacha nyuma pakichungulia nje. Kwa hako katundu anapumua, anapandwa na dume na kutaga. Katika wiki moja hivi anafura kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Mayai yake ni kwa mamia, na hayabaki mguuni, yanaanguka chini. Baada ya siku tatu au nne yanaanguliwa, na viluwiluwi vinakula takataka ndogo ndogo ndani ya vumbi mpaka vikue. Wiki chache tu na kizazi kipya kiko tayari kuruka.

Umeona? Nusu ya maisha ya funza yako mguuni, nusu nyingine iko kwa sakafu. Mtoto anaweza kuoshwa kila siku, lakini kama analala kwenye nyumba ya sakafu ya udongo mkavu, analala juu ya mayai. Na mbwa, nguruwe, mbuzi na panya nao wanabeba. Kiangazi kikikolea, vumbi linazidi na funza wanazidi. Ule mwezi ambao maji yameisha kisimani ndio mwezi ambao mtoto anaambiwa ni mchafu.

Kwa hivyo anayeumia ni nani? Si mvivu. Ni yule ambaye sakafu yake ni udongo, maji yake yako mbali, na viatu ni vya Jumapili. Wizara ya Afya, katika mwongozo wake wa 2014 kuhusu funza, ilikadiria Wakenya milioni 1.4 wameathirika. Wote hao ni wavivu? Weka simiti kwa hizo nyumba halafu uone kama uvivu hautaisha wenyewe.

Na ile pini ya shosho, nampenda sana lakini lazima niseme ukweli. Alitumia pini moja kwa wajukuu wote, na wakati mwingine kwa watoto wa jirani. Pini ya kushirikiana inaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na kidonda kilichoachwa wazi kinaweza kuleta pepopunda. Zile ndoo za dawa ya zambarau tunazoona kwa kampeni nazo si suluhisho kubwa. Utafiti uliofanywa hapa Kenya na kuchapishwa 2014 ulilinganisha dawa hiyo na mafuta ya dimetikoni. Baada ya siku saba, dimetikoni ilikuwa imeua funza asilimia 78, ile ya zambarau asilimia 39. Dimetikoni haina sumu, inaziba tu kale katundu, mdudu anakosa hewa. Hakuna pini, hakuna damu, hakuna mtoto wa kushikwa na watu watatu akilia. Lakini enda zahanati yoyote ya kijijini uulize kama wako nayo.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka wadudu wa ngozi kama funza na upele kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika. Yaliyosahaulika na nani? Mwenye nao hajasahau hata usiku mmoja.

Desemba nilienda ocha. Pale stejini nikapanda boda, na aliyenibeba alikuwa yule mwenzangu wa dawati. Aliacha shule darasa la sita. Tukaongea, ya mvua, ya bei ya mafuta. Nilikuwa nataka kumwomba msamaha lakini maneno hayakuja, kwa hivyo nikamwambia hadithi ya meli. Ambriz, mchanga, wapagazi, reli, yote. Akapunguza mwendo kabisa ili anisikie.

Nilipomaliza akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kwa hivyo haikuwa mathe."

Miaka yote hiyo alikuwa anaamini ni mama yake. Kwa sababu mwalimu alisema akaoshwe, na sisi tukacheka.

Msamaha nilimwomba tulipofika. Akasema ni sawa, akachukua nauli yake, akaenda. Sijui kama ni sawa.

Wadau, ombi langu ni moja. Ukiona mtoto mwenye funza, weka simu chini. Mpeleke mahali pa dawa, uliza kuhusu sakafu, uliza kuhusu maji. Na kama wewe ni mwalimu wa zamu, hiyo miguu iangalie ukiwa umeshika dawa. Ukiwa huna dawa, mwache mtoto akae na viatu vyake.