Makufuli Sita Yaliyovunjwa

Daraja lilipofunguliwa Juni 2025, mama mdogo aliacha kuuza samaki pale kivukoni Busisi. Kwa miaka mingi riziki yake ilikuwa foleni. Mabasi yakisubiri pantoni ya kwenda Kigongo, abiria wakishuka kunyoosha miguu, yeye anapita na beseni la sato wa kukaanga. Sasa mabasi yanapita juu, kilomita 3 za zege, kwa dakika chache. Kilichobaki ni akiba yake ya shilingi 240,000 kwenye simu.

Miezi michache baadaye hela hiyo iliondoka kwa simu moja. Mtu alimpigia, akamwita kwa jina lake, akamwambia kuna fedha zimeingia kwake kimakosa, akamwongoza: bonyeza hapa, sasa hapa, weka namba ya siri. Mama mdogo hakumwambia yeyote. Nilijua siku nilipoazima simu yake nimuwekee bando, nikakuta ujumbe wa muamala.

“Hizi simu hazifai, mwanangu,” alisema. “Hilo kufuli lao limevunjwa.”

Mimi niliyesomea kompyuta Dar es Salaam nikajibu harakaharaka: kufuli halijavunjwa, umelifungua mwenyewe.

Akanyamaza. Jibu langu lilikuwa sahihi, na bado ninalijutia. Historia ya makufuli hayo, ambayo chuoni niliikariri kwa ajili ya mtihani, ina somo ambalo sikulishika.

Miaka ya 1980, Ulaya ilipokuwa ikiandaa mtandao wa simu wa GSM, wataalamu walitunga kanuni ya kufumba mazungumzo hewani, kati ya simu na mnara. Iliitwa A5/1, na maelezo yake yalifanywa siri. Lakini tangu 1883 Auguste Kerckhoffs alikwisha kuandika kwamba mfumo mzuri haupaswi kuumia hata ukiangukia mikononi mwa adui. Siri iwe kwenye ufunguo tu. Hapa ufunguo wenyewe ulipunguzwa nguvu: katika biti zake 64, 10 ziliwekwa sifuri. Kukawa na mdogo wake pia, A5/2, dhaifu zaidi kwa makusudi, kwa ajili ya baadhi ya masoko ya nje.

Mwaka 1999 watafiti walizichimbua kanuni zote mbili kutoka ndani ya simu yenyewe, wakazianika. A5/2 haikumaliza mwezi. Mwaka 2000 Alex Biryukov, Adi Shamir na David Wagner walionyesha kwamba hata A5/1 inaweza kufunguliwa kwa kompyuta ya kawaida ya mezani. Wakati huo zaidi ya watu milioni 100 walikuwa wakiitegemea. Kasoro ilikuwepo miaka yote; ila watu waliokuwa na nia njema ya kuitafuta hawakuwa wameruhusiwa kuiangalia.

Januari mwaka huohuo wa 2000, ulianza mradi ulioitwa NESSIE, kwa fedha za Tume ya Ulaya. Uliongozwa na Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, ukishirikisha vyuo na kampuni za nchi kadhaa. Masharti yake yalikuwa kinyume kabisa cha yale ya A5/1. Yeyote duniani alete kanuni yake, iwekwe mezani kila mtu aione, kisha kila mwenye uwezo aalikwe kuivunja. Zililetwa kanuni 42. Februari 2003 zikatangazwa 12 zilizopita, pamoja na 5 zilizokuwa zikijulikana tayari.

Kundi moja halikutoa mshindi. Lilikuwa kundi la kanuni za mkondo, ukoo uleule wa A5/1, zinazofumba data kidogo kidogo inavyopita. Ziliingia sita, na zote sita zilikutwa na kasoro. Watungaji wake walikuwa watu wa vyuo vikubwa na kampuni kubwa, na makala zilizoeleza namna walivyoshindwa zilichapishwa na majina yao yakiwa humo.

Mojawapo iliitwa SNOW, kazi ya Patrik Ekdahl na Thomas Johansson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden. Baada ya kuvunjwa hawakujificha. Waliziba pale palipovuja, wakatoa SNOW 2.0. Mwaka 2006 toleo lililoimarishwa zaidi, SNOW 3G, likaingizwa kwenye viwango vya simu za 3G, na baadaye 4G. Kanuni iliyoanguka mbele ya watu ndiyo iliyozaa mojawapo ya makufuli ya simu za leo.

Kuanguka kwa zile sita kulizaa shindano jingine, eSTREAM, chini ya mtandao wa watafiti wa Ulaya ulioitwa ECRYPT, ulioanza 2004. Zikaja kanuni 34. Mwaka 2008 zikachaguliwa 8, na kabla mwaka haujaisha moja ikavunjwa, ikaondolewa orodhani. Hakuna aliyeificha ili kulinda heshima ya waamuzi.

Hilo ndilo nililolisahau siku ile. Wataalamu wakivunjiwa kazi yao, tunaita utafiti. Mama mdogo alipoibiwa, nilimpa aibu. Na aibu humfanya mtu anyamaze. Akinyamaza, tapeli anampigia jirani kwa maneno yaleyale.

Nilirudi Busisi mwezi uliofuata, nikamwomba radhi. Nikamsimulia habari za zile sita. Alisikiliza huku akichambua dagaa kwenye ungo.

“Wote sita? Na ni maprofesa?”

“Wote sita, mama.”

“Na wakaandikwa majina?”

“Wakaandikwa.”

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Jumamosi ile akanichukua kwenye kikao cha vikoba. Hesabu zilipokwisha, alisimama akaeleza yote: alivyoitwa kwa jina, alivyoambiwa abonyeze wapi, kiasi kilichokwenda. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango aliinua mkono. Alisema mtu huyo amempigia juzi, naye aliona haya kusema.

Mweka hazina akafungua ukurasa mpya wa daftari. “Anza upya,” alimwambia mama mdogo. “Alianza kusema nini?”